Jumamosi Niliyomnyima Bibi Shikamoo

Miezi yangu ya kwanza kama afisa ustawi wa jamii, hapa Katoro, nilikuwa nimeikariri miongozo ya maadili ya kazi neno kwa neno. Niliyoiogopa zaidi ni ile ya siri: watu wasijue kupitia kwako kwamba fulani ni mteja wako.

Bibi mmoja alikuwa akimfuatilia mjukuu wake wa kike, aliyepelekwa kituo cha watoto Geita baada ya mama yake kuondoka machimboni bila kuaga. Yalibaki mahojiano ya mwisho tu, Jumanne, ili mtoto arudishwe kwake.

Jumamosi nikakutana naye sokoni, kwenye meza ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alinitazama, akisubiri shikamoo. Nikawaza: nikimsalimia, muuzaji atauliza tunajuana wapi, akiuliza, bibi atajibu, akijibu, siri imevuja. Nikainamia ile michembe kama mchimbaji wa Maganzo anayetafuta almasi, kisha nikaondoka. Nilijipongeza hadi nyumbani.

Jumanne hakuja. Wala Jumatano.

Msimamizi wangu, mama aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akauliza kama siku ile ya kwanza nilikubaliana na bibi tufanyeje tukikutana nje ya ofisi. Sikuwa nimemuuliza. Na kipengele hicho nacho nilikuwa nimekikariri.

"Panda bodaboda uende," alisema. "Ukifika, anza na salamu."

Nilimkuta bibi uani akipeta mpunga. Nikapiga goti, shikamoo ikanitoka kabla goti halijafika chini. Akapeta kidogo tena, ndipo akaitikia.

"Nilijua mmeninyima mtoto," alisema. "Mtu anayenipita sokoni kama gogo, nimfuate ofisini nikasikie nini?"

Nikamweleza yote, nikijikanyaga. Akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"We binti, soko zima linajua mjukuu wangu yuko Geita. Niliwaambia mwenyewe. Wewe nisalimie, uulize miguu yangu inaendeleaje. Mengine tutayaongelea hapa."

Niliyaandika makubaliano hayo ukurasa wa kwanza wa faili, tukafanya mahojiano palepale uani.

Baada ya wiki mbili nilimleta mjukuu. Bibi aliweka dole gumba kwenye fomu ya makabidhiano, na mtoto akataka kuweka lake. Fomu haikuwa na nafasi hiyo. Nikafikiria weee, mwishowe nikamsogezea wino.