Thavamani wa Chumba Namba Tisa na Macho Yaliyopanda Juu

Itangazwe kwa wote wenye macho mawili, na hata wenye moja na nusu: katika hospitali ya macho ya mji wetu, njia ya kwenda Madurai, yupo mwanamke aliyeishia darasa la kumi ambaye madaktari wenye digrii za kujaza ukuta hawathubutu kupumua mpaka aseme neno. Simameni. Mwenye viatu avue.

Jina lake Thavamani. Kazi yake ni kupiga picha kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele ambayo damu haina ruhusa kuikanyaga. Mishipa ikitambaa humo, daktari huichoma sindano ikauke, na kila mwezi Thavamani hupiga picha: taa ileile, umbali uleule, kichwa palepale. Picha mbili zikikaa bega kwa bega, mshipa hauna pa kukimbilia. Mwaka wa ishirini na mbili huu, na bado hukemea kidevu kikisogea unene wa punje ya mchele.

Siku hiyo alikaa mbele yake mzee Sudalaimuthu, msuka mashada ya asumini. Amesubiri miezi saba apandikizwe kioo kipya, na mwili ungekikataa kama mishipa ingalipo. Picha ikatoka nyeupe, haina hata uzi mwekundu. Daktari Ilango nusura acheze.

"Alhamisi tunapandikiza," akasema. "Akka, agiza peremende."

Akka ni dada mkubwa. Humwita hivyo akiwa na furaha.

Thavamani alikuwa ameshaweka picha ya mwezi jana pembeni. "Mboni imepanda. Picha hii mbovu."

"Kaipiga nani?"

"Mimi."

"Sasa mishipa imekwisha, wewe unaitafutia nini?"

"Haijaisha. Ipo chini ya kope." Akamgeukia mzee. "Babu, ulikuwa unatazama wapi?"

"Kwa Murugan, wapi kwingine? Mungu yuko pale juu, mimi nikodolee macho kidude chako?"

Basi ndiyo hiyo. Mafundi rangi walipomaliza ukuta, walitundika picha ya Murugan na tausi wake juu ya kamera, na wiki nzima wagonjwa walikuwa wakipandisha macho kwa heshima, kope za wazee zikifunika mishipa ya juu. Thavamani akapanda kiti, akamshusha. Akakata Murugan mdogo kwenye kalenda, akambandika ubavuni mwa lenzi.

"Haya, msalimie tena. Safari hii usipande ngazi."

Picha mpya: nyuzi tatu nyekundu, fupi kuliko za mwezi jana, lakini hai. Ilango akaifuta Alhamisi, akaandika sindano mbili.

"Miezi saba nimengoja," mzee akanuna, "nawe binti unaniongezea miwili?"

"Nakuongezea jicho, babu."

Wagonjwa wote wa wiki ile waliitwa, wakapigwa upya. Miezi miwili baadaye jicho la mzee likatoka safi, mboni katikati. Kioo kikapandikizwa, kikashika. Siku hizi anamwambia mkewe sari yake imepauka, mkewe anajuta.

Daktari mkuu akakusanya hospitali nzima, akamvika Thavamani shada alilolisuka mzee mwenyewe, akahutubia mpaka chai ikapoa: jicho la tai, fahari ya taasisi. "Waambie vijana hawa," akamaliza, "siri ya utaalamu wako ni nini?"

"Nilishusha picha ukutani," akasema Thavamani. "Naweza kurudi? Benchi lina watu kumi na wanne."