Mzabibu Juu ya Jarife

Msinicheke, maana hasira yenyewe haijaniisha. Hadi leo nikipita sokoni Mikindani, watu wazima na ndevu zao wananiita Mvuvi wa Washenga.

Ilikuwa miaka ile bandari ya Mtwara inajengwa, boriti zote za mikoko zinabebwa kwenda huko, ukitaka chache za nyumbani unaonekana kama unamwomba mtu jicho lake. Na mimi nina mzabibu wangu mchanga mbele ya nyumba (kipande nilipewa na rafiki yangu mpishi wa misheni, nikakilea kama mwana, nikaacha chipukizi moja tu lipande, vijitawi vya pembeni navinyofoa kwa kucha, shina nalifunga kwa ukindu taratibu lisikabwe), sasa umefika juu unataka pa kutambaa. Nikachukua jarife kuukuu la kaka yangu, wavu ule wa kuvulia papa, nikalitandaza juu ya baraza kwa kamba. Mke wangu akaziba pua.

"Baba Zainabu, lioshe kwanza, linanuka!"

"Zabibu hazina pua," nikamjibu. Mpumbavu mimi!

Ijumaa baada ya sala wakaja washenga kumposa binti yetu Zainabu. Kijana mwenyewe ana kazi, ana adabu, na Zainabu anampenda (mama yake alishaniambia, akanionya nisiharibu). Nikawaketisha chini ya mzabibu, najivuna. Kumbe ile harufu ya papa imeita paka wa mtaa mzima, na mmoja kapanda juu, mguu umenasa kwenye matundu, anahangaika. Mzee Chande, kiongozi wao, akakohoa, akaanza, "Tumekuja na neno la kheri..." na paka kwa woga akamkojolea kofia.

Ningeomba radhi tu yakaisha! Lakini hasira zangu mnazijua. Nikashika fimbo nimchape yule paka, nikapiga kamba, jarife lote likawaangukia washenga pamoja na vikombe vya kahawa, na kadiri wanavyovuta ndivyo wanavyozidi kunasa. Na mimi, badala ya kusema samahani, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia:

"Msivute! Mtanivunjia mzabibu!"

Mzee Chande akatoa kichwa kwenye tundu. "Kumbe mti una heshima kuliko sisi," akasema. Walipojinasua wakaondoka bila kuaga. Zainabu analia ndani, mama yake hataki hata kunitazama.

Kesho yake wakatuma neno: binti wanamtaka, lakini mzabibu ung'olewe, tena na baba mwenyewe, mchana, watu wakiona. Ningefanyaje? Nikavuta mpaka mikono ikachubuka, majirani wamejaa barazani, mizizi inakatika mmoja mmoja, nami natukana kimoyomoyo paka, papa, bandari na mdomo wangu mwenyewe. Posa ikapokelewa, arusi ikafana, alhamdulillahi.

Mwaka uliofuata Mzee Chande akaja kutusalimia. Akanywa kahawa yake, akautazama ukuta mtupu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mkwe, ule mzabibu ulikuwa mzuri sana. Huna kipande nami nikapande kwangu?"

Wallahi niliingia ndani nikafunga mlango, mgeni nikamwacha nje na kikombe mkononi. Sipandi tena kitu kinachotambaa, hata boga!