Mchawi Aliyebatizwa Murusagamba

Juzi nimepita Murusagamba, rafiki yangu. Mama mmoja alikuwa akichemsha maharage mabichi kando ya njia, na harufu ile ikanirudisha uani kwa bibi, miaka ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka.

Malori ya chakula cha kambini yalitutimulia vumbi hadi kwenye ugali. Mwalimu mmoja mkimbizi alikuwa akija kutupalilia migomba. Alikimbia na kitabu kimoja tu, hadithi ya binti anayemfuata mchawi mlimani ili amrudishie mama yake sauti. Akaniazima. Sijapata kupenda kitu namna ile.

Katekista, mwalimu wa dini wa kanisa letu, aliponikuta nacho alikwenda moja kwa moja kwa bibi. Kitabu cha uchawi humfungulia shetani mlango, alisema, kichomwe. Bibi alikuwa mtu wa rozari asubuhi na jioni, na kwake uchawi haukuwa hadithi: alizika watoto wawili huku majirani wakinong'ona kuwa wamerogwa. Akachochea moto. Nikakikumbatia kitabu, nikasema sikiachii ng'o. Nilikuwa mkaidi, na sijuti.

"Si chetu, bibi. Mwenyewe aliacha nyumba na ng'ombe, akabeba hiki."

Bibi akaacha kuchochea. Mali ya mkimbizi kwake ilikuwa amana, na amana haichomwi. "Basi utakisoma mbele yangu," akasema. "Nikisikia dhambi, unafunga."

Tukawa tunamenya maharage alasiri, nami nasoma kwa sauti. Kwanza alikinyunyizia kitabu maji ya baraka, hata kurasa zikavimba. Kila mchawi alipotokea alifanya ishara ya msalaba, kisha, "Haya, endelea." Katekista alipokuja kuulizia, alipewa kigoda na maharage yake ya kumenya. Akakaa mpaka sura ikaisha.

Tulikuwa tunakaribia mwisho wakimbizi walipoambiwa warudi kwao. Mwalimu akaja mbio kuchukua kitabu chake, mzigo kichwani. Nililia sana.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Nitakimalizia mimi."

Akakimalizia kwa maneno yake mwenyewe, bila kitabu. Mchawi alishuka mlimani, akaungama, akabatizwa, na mama wa yule binti akapata sauti ya kuimba kanisani.

Kambi sasa ni pori, na bibi tulishamzika. Mwaka juzi nilikuta nakala nyingine ya kitabu kile Mwanza, inauzwa chini barabarani. Nikakinunua, nikasoma mpaka pale tulipokomea. Kurasa zilizobaki nimezishona kwa uzi zisifunguke. Wanangu wananiuliza mchawi aliishaje, nami nawaambia alibatizwa.