Mikono ya Zainabo

Akikwambia mtu kuwa Zainabo ni mpole, ujue hamjui. Mdomo wake ni moto, kijiji hiki kizima cha Quitunda kinaujua. Lakini mikono yake, jamani! Kule kijiji cha zamani, pwani, kabla gesi haijapatikana na watu hawajahamishiwa kwenye nyumba hizi za bloko za saruji, hakuna mtoto mchanga ambaye hakupitia mikononi mwake. Aliwakanda kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, huku akiwatania kwa pua zao bapa, nao wakalala fofofo.

Sasa Laila, binti yake wa pekee, kajifungua mtoto wa kiume, Rizuane, na bibi mtu hataki kumgusa. Kila akiletewa, husema mikono inamuuma. Laila alivumilia weee, mwisho akashindwa. Akasema arobaini ikiisha atakwenda zake kwa mkwewe kule Mucojo, maana huyu mtoto hapa hana bibi. Maneno hayo yalimchoma Zainabo maini, na bado mikono haikunyanyuka.

Muuguzi wa hospitali aliigeuza mikono ile, akaikunja, akaikunjua, asione kitu. Akampeleka kwa Vânia, dotora wa watu wenye majonzi na mawazo, binti wa Kimakonde kutoka bara, umri wake sawa na Laila.

Zainabo alijiandaa kama mtu anayekwenda kwa fundi wa ramli. Akaoga, akajifunga kanga mpya, akafika, akakaa kimya. Kwa fundi mgonjwa hasemi. Fundi ndiye anayekutazama akakwambia kinachokuuma na kilikotoka. Ukimtajia mwenyewe, basi umekwenda kufanya nini?

Vânia akamweleza taratibu kwamba humu hamna sindano wala vidonge. Atakayoyasema hayatatoka nje ya mlango. Akitaka kulia alie, akitaka kunyamaza anyamaze, na wiki ijayo wataonana tena. Kisha akauliza ni nini kinamsumbua. Zainabo akatabasamu. Huyu ananijaribu, akawaza, akafunga mdomo wake.

Naye Vânia alikuwa amefundishwa kutomharakisha mgonjwa. Basi wakakaa, huyu anamngoja huyu, feni inazunguka, mpaka muda ukaisha wakaagana vizuri kabisa. Nyumbani Zainabo akamwambia mumewe, Ussene, kwamba yule binti adabu anayo, ila ramli yake bado changa. Ussene akacheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyofuata Zainabo uzalendo ukamshinda.

“Mwanangu,” akasema, “utaona lini?”

“Nione nini, mama?”

“Ugonjwa wangu.”

Vânia akaelewa, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Akaomba radhi. Kisha akavuta kiti karibu.

“Mimi sioni kitu, mama. Usiponiambia, sitajua kamwe. Kazi yangu ni kusikiliza.”

Zainabo akamtazama sana. Kumbe hata huyu haoni. Kama haoni yeye, basi hakuna atakayeona, na jambo lile litabaki na Zainabo peke yake mpaka kufa kwake. Hofu ikamshika, na ile hofu ndiyo iliyomfungua mdomo.

Kabla ya Laila alizaa mtoto wa kiume. Alitoka hakulia. Zainabo akamwomba mkunga mafuta, akamkanda mwenyewe, kifua, mgongo, nyayo, akamkanda mpaka wanawake wakamshika mikono. Wakamzika nyuma ya bafu, pasipo jiwe wala jina, na mtoto wa namna hiyo hatajwi tena. Lakini kila alfajiri alipafagia pale. Akishafagia, mikono yake inakuwa myepesi, na watoto wa wenzake anawakanda bila woga. Makaburi ya kijiji yalipohamishwa, alisimama na watu, akaitikia amina, na lile la nyuma ya bafu asiliseme. Sasa pale pamezungushiwa uzio wa gesi, hapafikiki, na hakuna wa kupafagia.

Akalia kwa sauti, kanga imeloa, naye Vânia hakumkatiza wala hakumwambia anyamaze. Alipotulia, akamuuliza kama angependa kupata pa kumkumbukia huku aliko sasa. Zainabo akauliza kama kweli hata kidonge kimoja hapewi. Hapewi. Akaondoka akinung'unika, ila wiki ijayo alisema atakuja.

Alfajiri Laila akasikia ufagio. Akachungulia. Mama yake alikuwa nyuma ya bafu la bloko, anafagia mchanga mtupu, polepole, kama mtu anayetandika kitanda. Alipomaliza akanawa, akaingia ndani, akapasha mafuta.

“Nipe huyo mwenye pua bapa.”

Mikono ilikuwa mizito mwanzo, kisha ikakumbuka kazi yake. Rizuane, aliyekatizwa usingizi, akapiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Laila akanyoosha mikono amchukue ambembeleze.

“Mwache,” Zainabo akasema, machozi yanamtiririka, naye anacheka. “Mwache alie.”