Soseji za Ng'ombe Dukani Nchelenge

Juzi, katika duka moja hapa Nchelenge, mpakani, mama mmoja Mkongomani alitaka soseji za ng'ombe kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe.

"Papa, unisomee ndani kuna nini. Mutoto yangu akikula soya, koo inavimba."

Muuzaji aligeuza pakiti, akafuata herufi ndogo kwa kidole. "Ngombe ameandikwa wa kwanza, ni muzuri, ndiye mwingi. Maji. Chumvi..." Kidole kikasimama. "Soya."

Akasoma pakiti zote za kwenye friji. Kila moja ilikuwa nayo.

"Mama, sitakuuzisha. Enda bucha pale ngambo ya barabara wakusagie nyama, utafinyanga soseji mwenyewe."

Mama akamshika mkono kwa mikono miwili. "Aksanti, papa."

Wauzaji wanaojua kusoma ni wengi. Huyu alisoma mpaka mwisho.