Kadi Iliyovunjwa Ofisini kwa Prefe

Mpaka leo nikisikia mtu akisema kwamba vijana wa Masisi hutazama manga, zile filamu za kuchorwa za Kijapani, ili kuyakimbia maisha, damu inanichemka. Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa nne wa sekondari, karibu na Kirolirwe. Yalitoka kinywani mwa prefe, mkuu wa shule yetu, naye alikuwa ameishika simu yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu.

Ndani ya simu mlikuwa na kadi ndogo niliyoletewa na kaka yangu kutoka Sake, alikokuwa motari, anabeba watu kwa pikipiki. Kadi ilikuwa na vipindi vya filamu moja ya kuchorwa ya Wajapani, iliyotiwa sauti za Kifaransa. Msichana mmoja anavaa kofia ya mchezo wa kompyuta, analala kitandani kwao, anaamka ndani ya nchi ya mchezo wenyewe. Alikusudia kucheza alasiri moja tu. Jioni mlango wa kutokea unatoweka, na wachezaji wote wanabaki humo. Wengine wanachukua panga. Yeye hajui kupigana, basi anajenga madaraja.

Nilikuwa nikiitazama Jumapili mchana, baada ya misa, jikoni kwetu. Mama alikuwa hapo na jirani zake wawili, wanapukuchua maharage. Mwanzoni nilitazama peke yangu, mpaka Mama akauliza, "Ule mutoto analilia nini?" Nikaeleza. Akauliza tena. Wiki iliyofuata nilijikuta nimeegemeza simu kwenye ndoo, nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, na maharage yamesahauliwa kwenye mapaja.

Kilichowashika Mama na jirani zake si panga. Katika nchi ile kila kijiji kilizungushiwa mawe ya buluu, na ndani ya mawe hayo silaha haikati. Ukivuta upanga, unageuka moshi mkononi mwako. Jingine ni kwamba ukijenga kitu, jina lako linaandikwa juu yake, na hakuna mwenye nguvu anayeweza kulifuta. Mama alinirudisha nyuma mara tatu kwenye kipande hicho. Shamba lake la viazi lilipakana na malisho ya tajiri mmoja wa ng'ombe, na kila msimu ua wa malisho ulisogea hatua chache kwetu. Alishalalamika kwa chifu mpaka akachoka.

"Hakuna anayeweza kufuta?" aliuliza.

"Hakuna, Mama."

"Ata mukubwa?"

"Ata mukubwa."

Akaendelea kupukuchua, lakini macho yake hayakutoka kwenye simu.

Kosa langu lilikuwa kuipeleka simu shuleni, ili rafiki yangu mmoja aone daraja la kamba. Mwalimu akaikamata. Prefe akanisimamisha mbele ya wanafunzi wote asubuhi. Alisema filamu ile ni uchawi: watu wamelala kama maiti, roho zao zinatembea kwingine. Halafu akasema lile neno. "Hawa vijana wanakimbia maisha." Sisi! Nusu ya waliosimama pale walikuwa wamekimbia vita kweli, na magodoro kichwani, mara mbili, mara tatu, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda.

Mama aliitwa siku iliyofuata. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, matope mpaka kwenye magoti. Prefe hakumwambia akae.

"Mama, unajua mutoto wako anaangaliaka nini?"

"Najua, Papa Prefe. Tunaangaliaka pamoja."

Prefe aliigeuzageuza simu mezani.

"Ile kitu inafundisha batoto kukimbia."

"Weye uliiangalia?"

"Siwezi kuangalia bitu ya shetani."

"Basi mi niliangalia, nitakuambia," Mama akasema. "Ule mutoto wa kike hakimbii. Banamufungia mulango, njo anajenga daraja. Bengine banapigana, yeye anajenga. Iko wapi uchawi? Juu ya nini unapatisha mutoto wangu haya mbele ya bantu?"

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akimsemesha mkubwa hivyo. Prefe alifungua simu, akatoa kadi, akaivunja kwa meno ya koleo iliyokuwa mezani, mbele yetu. Kisha akatusogezea karatasi: mwanafunzi anakiri kwamba ametazama picha mbaya na ameziacha, na mzazi anathibitisha. Bila karatasi hiyo, hakuna mtihani.

Mama alikataa kuweka alama ya kidole. "Siwezi kukubali bongo," alisema, yaani uongo, akatoka nje.

Mimi nilitia sahihi. Niliogopa kupoteza mwaka. Prefe aliipokea hata bila kidole cha Mama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kadi: alichotaka ni kuniona nikiandika jina langu chini ya uongo wake. Njiani Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Weye uko na mitihani," na tukaendelea kupanda kilima.

Jumapili iliyofuata jirani walikuja kama kawaida, na filamu haikuwapo. Mama akaanza kuiendeleza yeye mwenyewe. Msichana wake alilima muhogo, alibishana na mwenye ng'ombe, na daraja lake kubwa lilipitiwa na wajane na mbuzi wao. Niliudhika, nikasema haiko hivyo. Wakaniambia ninyamaze.

Leo mimi ni mwalimu huko Buleusa, upande wa Walikale. Mwaka jana nilipata vipindi vya mwisho, nikavitazama kwa siku moja. Mlango unafunguliwa, msichana anaamka kitandani kwao, na watengenezaji wa mchezo wanaizima nchi yake yote. Nilitafuta mtandao juu ya kilima, nikampigia Mama.

"Banazima yote?" aliuliza. "Na madaraja?"

"Na madaraja."

"Na majina?"

"Yote, Mama."

Nilisikia akiweka ndoo chini.

"Bale bantu benye kutengeneza ile filme," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya ofisini, "bako na adresi? Tafuta adresi yao. Unaandika barua, mi nasema."

Nikachukua kalamu.