Kila Mzee Kipkurui Akiinuka, Ng'ombe Mmoja

"Kwa kikao chochote, mtu wa kwanza kuinuka hawezi kuwa mimi!" Mjomba wangu Kipkurui aliwatangazia hayo wakulima waliopanga foleni kupima majani ya chai pale Merigi. Mwaka uliofuata, 1993, alianguka kutoka juu ya lori la majani, mgongo ukapiga jiwe. Miguu ilipona. Kibofu cha mkojo hakikupona. Mishipa ya fahamu iliumia, basi kinajaa bila kumwambia mwenyewe.

Daktari kijana wa hospitali ya Longisa alimweleza kwamba ng'ambo wanatafuta njia ya kuchukua chembe changa za mwili, wazipandikize, mishipa iote upya.

"Kama miche ya chai kwa kitalu!" Mjomba akang'aa uso. "Hiyo naijua. Unapanda lini?"

"Bado, mzee. Wanajaribu kwa panya."

"Kwa hivyo huko kuna panya anakojoa kunishinda?"

Daktari akampa mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Autumie kila baada ya saa tatu, na chai ikizidi, kila saa moja. Mjomba alinunua saa ya mkono inayolia, akaficha mpira kwa koti. Aliyeuchemsha kila asubuhi ni binti yake, Janeffer.

Mwaka wa 1996 Janeffer akaposwa na Oyugi, fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa kutoka ziwani. Msemaji wa wageni alikuwa baba yake mdogo, Obonyo. Walikuwa wameulizia kwanza huko Merigi, wakaambiwa: mzee huyu hainuki kikaoni; akiinuka, mmemtukana.

Siku ya mahari, nyumbani kwa Mjomba, Obonyo akataja ng'ombe wanne. Chai ikazunguka. Pip-pip! Saa ikalia mkononi. Mjomba akainuka, akatoka bila neno, akakaa chooni dakika kumi.

Aliporudi, Obonyo alikuwa anatoa jasho. "Watano, mzee."

Mjomba alishangaa, lakini hakukataa. Chai tena. Pip-pip! Sita. Pip-pip! Saba.

"Kunywa, ndugu yangu," Kipruto, mdogo wake, akamnong'oneza huku akimjazia kikombe. "Kunywa kabisa."

Saa ilipolia mara ya nne, Oyugi akasimama. "Baba mdogo, twende. Huyu mzee hanitaki."

Wageni wakaanza kuokota kofia. Janeffer alikuwa mlangoni na thamosi, machozi yanamtoka.

"Baba, utasema ama niseme?"

Mjomba alimtazama bintiye, akawatazama wazee. Akatia mkono kwa koti, akauweka mpira mezani, katikati ya vikombe.

"Sijakasirika," akasema. "Nimejaa."

Kipruto akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

"Basi turudi kwa wanne," Obonyo akasema mwishowe.

"Wanne ni sawa. Sasa nipisheni nitoke."

Obonyo alimfuata hadi uani, akamngojea nje ya choo.

"Mkwe," akauliza polepole, "mimi nina ndugu aliangukiwa na nguzo ya stima. Hiyo kitu unanunua wapi?"

"Litein, duka la dawa karibu na stendi. Shilingi thelathini na tano."